Mabango ya Mzee wa Video

Jumapili, 16 Aprili 2023

Nimerudi kutoka mtaa wa Maporomoko, hapahapa Tunduma, na bomba la plastiki kwapani. Ndani yamo mabango ya filamu ya mzee mmoja aliyekuwa na banda la video enzi za kanda za VHS. Banda lilishavunjwa, mahali pake pana maduka ya simu. Nilimpa shikamoo, tukaongea, naye akaniuliza mara mbili kama kweli nayataka. "Basi chukua, mwanangu. Yakibaki hapa wajukuu watafungia madaftari."

Jioni nimeyatandaza sakafuni. Lipo la "Girlfriend" ya mwaka 2003, filamu ya George Tyson iliyowaweka TID na Monalisa midomoni mwa watu. Lipo la "Dar 2 Lagos" ya 2006, Steven Kanumba akiwa na Mercy Johnson wa Nigeria. Na lipo la zamani kuliko yote, "Disco Dancer" ya 1982, Mithun Chakraborty na gitaa lake. Hilo mzee alilinunua Dar es Salaam wakati majumba ya sinema kama Empire, Avalon na Odeon bado yanajaza watu, akarudi nalo kwa treni ya TAZARA likiwa limekunjwa mara nne.

Dar walikuwa na majumba yao, Unguja walikuwa na Majestic ya pale Vuga. Sisi watoto wa hapa mpakani sinema yetu ilikuwa banda: mabenchi, televisheni moja, na sauti ya Lufufu akitafsiri filamu za Kichina na Kimarekani kwa Kiswahili cha mtaani. Mlangoni palikuwa na bango, chini yake ubao wa chaki wenye saa ya kuanza. Hata waliovuka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kununua sukari walisimama kulisoma. Kanda zile zimeota ukungu, nyingine zimerekodiwa harusi juu yake. Kilichosalia mkononi ni karatasi hizi, na nimeamua zitakaa ukutani kwangu kwa heshima.

Jumapili, 23 Aprili 2023

Mvua zinaelekea kuisha lakini hewa bado ina unyevu, na huo ndio wakati mzuri wa kunyoosha karatasi iliyokaa imeviringwa miaka mingi. Kiangazi kikishika hukakamaa na kupasuka ukiilazimisha. Nimeyalaza mabango kati ya shuka mbili safi za pamba, juu nimeweka ubao na mafaili mazito ya ofisini. Jirani alinishauri nipige pasi. Nimemkatalia kwa upole: moto wa pasi hukausha nyuzi za karatasi na unaweza kuyeyusha wino.

Usafi nimefanya kwa brashi laini ya rangi ya maji, nikitoka katikati kuelekea pembeni. Palipo na uchafu wa vidole nimeparuza raba nyeupe kwenye kikwangulio cha karoti, nikaviringisha chenga zake kwa kiganja taratibu, kisha nikazifagia. Vumbi jekundu la Tunduma limetoka na chenga zile, na mashati ya TID na wenzake yamerudi kuwa meupe. Alama za selotepu nimeziacha. Gundi imeshaingia ndani ya karatasi, na kuichokonoa ni kuichana.

Mikunjo ya "Disco Dancer" nayo naiacha. Hata Marekani, hadi miaka ya 1980 mabango mengi yalipelekwa kwenye majumba ya sinema yakiwa yamekunjwa, na watunzaji wa makumbusho hawaoni aibu juu ya mikunjo hiyo. Inaonyesha safari ya bango.

Alhamisi, 4 Mei 2023

Mbao nimezipata kazini bila kulipa hata senti. Sisi mawakala wa forodha tunaona mapaleti yakitupwa kila wiki, lori likishapakuliwa. Wengi huyachoma. Mimi nasoma muhuri kwanza: HT maana yake mbao zimetibiwa kwa joto, MB maana yake zimefukizwa methyl bromide, ambayo ni sumu. Nimechukua ya HT tu, nikachagua mbao zilizonyooka, zisizo na fundo kubwa.

Fundi seremala wa mtaa wa Sogea hakufurahi alipoziona. "Dada, hizi zina misumari, zitaniulia meno ya randa." Tumekubaliana ning'oe misumari yote mwenyewe, nipitishe sumaku, ndipo azipokee. Jioni nzima nimeshinda na koleo uani. Mbao ni za paini, zikipigwa randa zinatoa harufu nzuri na rangi ya asali hafifu.

Vipimo nimevipanga kwa kufuata karatasi ya nyuma, sikufuata bango. Mabango mawili ya kwetu ni sentimita 42 kwa 59, lakini nimeagiza kwa rafiki yangu Dar karatasi nene ya wachoraji, ya pamba tupu, ambayo huuzwa kwa sentimita 56 kwa 76. Fremu itakuwa ya ukubwa huo. Bango litakaa katikati na kuonekana lote, hadi jina la mchapaji lililo chini kabisa, na pembeni litazungukwa na weupe wa pamba. Hakuna haja ya kununua kadibodi ya kukata dirisha.

Jumamosi, 13 Mei 2023

Kioo nimekatiwa leo, unene wa milimita tatu. Muuzaji alinionyesha pia plastiki angavu, nyepesi, isiyovunjika. Nimebaki na kioo kwa sababu mbili. Plastiki ya aina ile ikifutwa kwa kitambaa huvuta vumbi, na mji huu malori hayalali. Tena huchubuka upesi. Kioo kina uzito, na uzito huo unapigiwa hesabu kabla ya kupigilia msumari: kila mita moja ya mraba ya kioo cha milimita tatu ni kilo saba na nusu. Fremu yangu moja itabeba kioo cha kilo tatu na kidogo.

"Disco Dancer" ni inchi 30 kwa 40. Kioo chake pekee kingekaribia kilo sita, na mbao za paleti ni nyembamba kwa mzigo huo. Kwa sasa litalala bapa, kati ya karatasi safi, juu ya kabati la chumbani, mbali na sakafu na mchwa. Bango lililotunzwa gizani halijapoteza kitu.

Gharama ya fremu moja mpaka hapa: kioo shilingi 12,000, fundi 15,000, karatasi ya pamba 22,000. Karatasi ambayo wageni hawataiangalia imenigharimu kuliko kioo, na naona ndivyo inavyopaswa kuwa. Yenyewe ndiyo italala mgongoni mwa bango kwa miaka yote ijayo. Kadibodi ya boksi au hadibodi ya kahawia ingetoa asidi polepole hadi bango liwe na rangi ya chai.

Jumapili, 21 Mei 2023

Leo ndiyo kazi niliyokuwa naisubiri.

Gundi nimeitengeneza kwa wanga wa ngano. Unakanda donge la unga ndani ya maji, maji yanageuka maziwa, na mkononi kinabaki kitu kinachovutika. Hicho unakiweka kando. Maji unayaacha yatulie, wanga unashuka chini ya beseni, mweupe na laini. Nimeupika kwa moto mdogo, kijiko kimoja kwa vijiko vitano vya maji, nikikoroga bila kupumzika hadi ukawa mzito na wa kung'aa, kisha nikauchuja kwa kitambaa cha tarabizuna ulipopoa.

Mabango ya mitaani hubandikwa kwa uji wa unga, yakapakwa mgongo mzima. Haya yangu yameshikwa mahali pawili tu, kwenye kingo ya juu, kwa vipande vidogo vya karatasi laini nilivyovichana kwa mkono. Kingo iliyochanwa huwa na nyuzi nyembamba, haiachi alama kwa mbele kama iliyokatwa kwa mkasi. Nusu ya kipande imeshika mgongo wa bango, nusu imeshika karatasi ya pamba. Kwingine kote bango linaning'inia huru, hewa ikibadilika linatanuka na kusinyaa bila kukunjamana. Na siku mtu akitaka kulitoa, atalowesha vile vipande kwa brashi yenye maji, wanga utaachia.

Sheria nzima ya kazi hii naiona hapo: lolote ulifanyialo bango, aje mtu baada yako aweze kulitengua. Ndiyo maana nakataa gundi ya super, selotepu, na kulaminisha, ambako huko mtaani ndiko kunakoitwa kutunza.

Ndani ya mbao, pale kioo kinapokalia, nimebandika foili ya jikoni ili mti usiguse karatasi. Kati ya kioo na karatasi, pembeni kote, nimeweka vipande vyembamba vya ubao wa plastiki wa matangazo, ule mwepesi wenye njia tupu ndani. Bango lisilogusa kioo haliwezi kugandia siku ya unyevu. Nyuma kabisa nimefunga kwa ubao uleule, niliopewa bure na mchora matangazo, kisha nikaziba kingo zote kwa utepe ili mende asipate mlango.

Jumatano, 7 Juni 2023

Baridi imeingia, upepo unapiga kuanzia saa nne. Nimetundika.

Ukuta wa sebuleni unaotazama dirisha ndio mzuri kuliko zote kwa macho, na nimeunyima. Mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,500, na jua la huku ni kali hata siku ya baridi. Ukipita kwenye saluni za kando ya barabara kuu utaona picha za mitindo zimebaki na bluu na nyeusi peke yake. Nyekundu na njano hutangulia kufa. Gauni jekundu lililo kwenye bango la "Dar 2 Lagos" lisingemaliza kiangazi cha tatu hapo.

Mabango yamekaa ukumbini, ukuta wa ndani usiopigwa na mvua wala jua, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Skrubu mbili kwa kila fremu, zimeingia kwenye tofali na siyo kwenye plasta peke yake. Pembe za chini, kwa nyuma, nimebandika vipande vya kandambili iliyochakaa, fremu isimame mbali kidogo na ukuta na hewa ipite.

Ijumaa, 7 Julai 2023

Sabasaba, ofisi zimefungwa. Mzee wa Maporomoko amekuja kunywa chai. Alisimama mbele ya Kanumba muda mrefu, mkono mmoja ukutani. Akanisimulia jinsi habari zilivyofika asubuhi ile ya Jumamosi, 7 Aprili 2012, kijana wa miaka 28 amefariki, na Pasaka ni kesho yake. Alifungua banda, watu wakajaa, akaonyesha filamu zake mchana kutwa bila kutoza kiingilio. Hadithi hiyo sikuwahi kuisikia. Nimeiandika nyuma ya fremu kwa penseli, kwenye karatasi tofauti, pamoja na mwaka wa filamu na mahali bango lilipotoka.

Mdogo wangu wa Vwawa ameona picha, naye anataka kuanza. Ana bango moja la zamani analolipenda. Nimemwandikia hivi: usilikate lienee fremu, tafuta fremu ienee bango. Usilipake gundi mgongoni. Liweke mbali na jua, na liachie nafasi kati yake na kioo. Mbao ziwe za kuokota, kioo kiwe cha kawaida, fundi awe wa mtaani. Fedha uliyo nayo, iwe ndogo namna gani, ianzie kwenye kile kinachogusa karatasi.