Kidole Hakisomi

Nilipoanza kukaa kwenye kibanda cha mjomba pale Tandika, miaka ya mwanzo ya 2000, laini za simu ziliuzwa kama njugu. Mteja anasimama, anachagua namba inayomkaa kichwani, anatoa hela, anaondoka. Jina haulizwi. Nilichojua juu yake ni kile alichopenda kunisimulia mwenyewe wakati nafungua mfuniko wa simu yake na kuchomeka laini: kwamba ya zamani kaibiwa kwenye daladala, kwamba shemeji anamsumbua, au, huku akigeuka kutazama nyuma, kwamba hii namba si ya kumpa kila mtu. Walikuwapo wenye laini tatu kwa sababu wanazozijua wao. Walikuwapo waliobadilisha laini kila madeni yalipoanza kupiga simu. Mjomba hakuwa na shida nao. Kwake yeye mteja mwenye mambo mengi ndiye mteja mzuri.

Mtu asidhani lakini kwamba tulikuwa tunaishi bila kujulikana. Uswahilini hapo! Nyumba ya vyumba sita, kuta zinaishia chini ya kenchi, ukikohoa usiku asubuhi chumba cha tatu wanakuuliza kama umekunywa dawa. Na palipohitajika karatasi, kulikuwa na mjumbe wa nyumba kumi. Mpango huo uliletwa na TANU miaka ya 1960, na hata vyama vingi viliporudi mwaka 1992 na mjumbe akabaki kuwa mtu wa chama, sisi tuliendelea kupitia kwake kabla ya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Unataka kufungua akaunti benki, kuomba kazi ya ulinzi, kumdhamini ndugu kituoni: barua ya utambulisho. Picha ndogo imebandikwa kwa gundi, muhuri umegongwa nusu juu ya picha na nusu juu ya karatasi, ili usije ukabandua sura ukaweka nyingine.

Mjumbe wetu alikuwa mzee mstaafu wa bandarini. Alikuwa na kawaida ya kukuuliza "wewe mtoto wa nani?" hata kama jana yake alikula pilau kwenu. Alijua nani ana mgeni aliyezidisha wiki, nani anadaiwa na mangi wa duka, binti wa nani karudi kwao na kwa nini. Hela ya soda ilitembea. Wapangaji waliokosana naye walipata tabu, na mgeni kutoka mkoani angeweza kuzungushwa siku tatu kwa karatasi isiyo na maneno hata mia. Kwa hiyo wanaoniambia kwamba zamani kulikuwa na uhuru, nawauliza walikuwa wanakaa mtaa gani.

Ila yule mzee aliyenijua mimi, na mimi nilimjua. Nilijua anakunywa kahawa wapi, mke gani anamwogopa, mwanawe yupi kamshinda. Siku alipomnyima kaka yangu barua, mama alikwenda kukaa barazani kwake na kusema aliyotaka kusema kwa sauti ambayo nyumba zote kumi zilisikia. Barua ilitoka kabla ya adhuhuri.

Kwenye intaneti tulikuwa huru zaidi. Ulilipia nusu saa kwenye kafe, ukapewa kikaratasi chenye neno la siri, ukaingia na jina ulilojitungia. Nilikuwa na anwani ya Yahoo yenye jina la mchezaji mpira wa Brazili na tarehe ya kuzaliwa ya uongo, na hakuna aliyeona ajabu. Watu wazima walikuwa wanajadili siasa kwa majina ya bandia, na mengine yaliyosemwa yalikuwa ya maana kwa sababu msemaji hakujulikana. Baadaye ikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na Desemba 2016 Maxence Melo, mmoja wa waanzilishi wa jukwaa la mijadala la JamiiForums, akafikishwa Mahakama ya Kisutu. Moja ya tuhuma ilikuwa kwamba alikataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji. Pale kibandani watu waligawanyika. Fundi viatu wa jirani alisema mwanamume asiyeweza kusema na jina lake anyamaze. Mjomba alimjibu kwamba yeye fundi, kila akitaka kumsema mwenye nyumba wake, huwa anakuja kuifanya kazi hiyo ndani ya kibanda.

Kilichobadilisha mambo kwenye biashara yetu haikuwa siasa. Ilikuwa pesa. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008 na wengine wakafuata, laini ikawa pochi, na pochi ina wezi wake. Ndipo ukaanza ule ujumbe ambao kila Mtanzania ameupata: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Mwandishi wake hakujui, wala hajui kama kuna hela yoyote ulitaka kutuma. Anarusha kwa maelfu, akitegemea kwamba kati yao yupo mmoja ambaye muda huohuo anajiandaa kumtumia mtu ada ya mtoto. Na yupo kweli.

Usajili wa kwanza, ulioanza mwaka 2009, ulikuwa wa karatasi. Fomu, na nakala ya kitambulisho chochote: cha kupigia kura, cha kazi, hata barua ya mtaa. Tulijaza maboksi. Kuna vibanda maboksi yalichukuliwa, kuna vibanda yalikaa hadi panya wakazaliana humo. Siku moja nilinunua vitumbua, nikafungiwa ndani ya nakala ya kitambulisho cha mtu, sura yake imelowa mafuta.

Halafu Mei 2019 ikaja mashine ya kidole. Sasa ilitakiwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, tarakimu ishirini, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Wadada hawakupenda kuisoma kwa sauti mbele ya foleni. Mwisho ulikuwa tarehe 31 Desemba, Rais Magufuli akaongeza hadi 20 Januari 2020, na siku zile foleni yetu ilikuwa inazunguka hadi kwa muuza mkaa.

Hapo ndipo nilipokutana na bibi mmoja wa Mbagala, aliyelima mihogo Mkuranga karibu umri wake wote. Namba anayo, kaiandika kwenye kipande cha boksi. Nikamshika kidole gumba, nikakilaza juu ya kioo. Taa ikawaka nyekundu. Nikafuta kioo kwa shati, nikamwambia apitishe kidole kwenye paji la uso kipate mafuta kidogo, maana ndiyo ilikuwa mbinu yetu. Nyekundu. Cha shahada, cha kati, mkono wa pili. Ngozi ilikuwa imelainika kabisa, huoni hata mstari. Mafundi waashi nao walikuwa hivyo, simenti imewala, na akina mama wanaoponda kokoto.

"Kidole hakisomi, bibi."

"Mwanangu, mimi mwenyewe sikusoma. Hicho kidole kingesoma wapi?"

Foleni nzima ilicheka. Kisha wakaanza kumtetea. Mmoja akasema huyu mama yake fulani, tumekua naye. Mwingine akasema kamlea yeye na wadogo zake. Watu saba au wanane, kwa majina na makabila yao, walikuwa tayari kushuhudia kwamba bibi huyu ni bibi huyu. Kwa mjumbe ushahidi ule ungetosha kupewa barua na kiti cha kukalia. Kwenye mashine hapakuwa na mahali pa kuuingiza.

Laini yake ilisajiliwa kwa kidole cha mjukuu. Ni njia iliyotumika sana, na ilionekana ya busara. Matokeo yake ni kwamba, kwa daftari la kampuni, hela za bibi zikawa za mjukuu. Aliposahau namba yake ya siri miezi michache baadaye, mjukuu alikuwa Songea kikazi, na bibi alikaa na hela yake mkononi bila kuweza kununua chumvi.

Na wezi? Wakajifunza. Wakala asiye mwaminifu anakwambia "weka tena kidole, mtandao unasumbua", na kidole chako cha pili kinasajili laini ambayo hutaiona kamwe. Watu walipofundishwa kubonyeza *106# kuangalia namba zilizo chini ya jina lao, wapo waliokuja kibandani wametoa macho. Juzi tu nimepata tena ujumbe wa "ile hela", kutoka kwenye laini ambayo bila shaka imesajiliwa, kwa kidole halali, cha mtu halali asiyejua chochote.

Lililonichoma zaidi lilikuja na mikopo ya kwenye simu. Binamu yangu, mwalimu wa chekechea, alikopa kupitia programu moja. Ilimwomba namba ya NIDA, ikamwambia ageuze uso kushoto na kulia mbele ya kamera, ikaomba ruhusa ya kusoma majina yaliyo kwenye simu yake. Akakubali yote ndani ya dakika chache, kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Alipochelewa kulipa, ujumbe ulinifikia mimi saa sita mchana: picha yake, jina lake kamili, kiasi anachodaiwa, na neno "tapeli". Ulimfikia pia mwalimu mkuu, fundi wa gesi, na mwanamume ambaye miaka miwili nyuma nusura amuoe.

Mangi wetu naye alikuwa anadai. Daftari lake lilikuwa na majina ya mtaa mzima. Lakini alimtuma mtoto, na mtoto alisema tu: "Mangi anakusalimia." Mdaiwa alielewa, na mgeni aliyekaa naye sebuleni akadhani ni salamu. Mtaa ulijua mengi kuhusu kila mtu, na ulijua pia yapi hayasemwi.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Tangu Mei 2023 tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022, na Tume yake. Naona ni hatua kubwa. Miaka ya vitumbua hatukuwa na hata jina la kosa lile. Binamu hakulalamika popote. Aliona kulalamika ni kuisimulia tena aibu ileile kwa watu wapya. Alinunua laini nyingine, na kwa kuwa namba ya NIDA ni moja, jina lilelile likamfuata.

Na si kwetu tu. Dada yangu anaishi Leicester. Uingereza, tangu Julai 2025, tovuti za picha za ngono zinalazimika kuhakikisha umri wa anayeingia, na njia mojawapo ni kompyuta kuitazama sura yako na kukisia. Yeye ana watoto wawili na anaunga mkono kwa nguvu zote. Nami siwezi kumpinga juu ya watoto. Ila Oktoba mwaka huohuo mtandao wa mazungumzo wa Discord ulitangaza kwamba picha za vitambulisho vya watumiaji 70,000 hivi huenda zimeangukia mikononi mwa wadukuzi, kupitia kampuni iliyokuwa ikiusaidia kuhudumia wateja. Wengi wao walikuwa wametuma vitambulisho hivyo ili kuthibitisha umri.

Mjomba sasa ni mzee, kibanda tulishakifunga. Mwezi uliopita nilimweleza kuhusu Estonia, ambako raia anaweza kuingia kwenye ukurasa wake wa serikali akaona ofisi ipi ilifungua taarifa zake, na lini. Akauliza hao ni watu wangapi. Nikamwambia milioni 1.3 na kidogo. "Si Temeke tu hiyo," akasema, kisha akakaa kimya akifikiria.

"Na akikuta kuna aliyechungulia bila sababu?"

Nikamwambia kuna ofisi ya kupeleka malalamiko, na kwamba wapo watumishi walioadhibiwa kwa kuchungulia.

"Ya kwetu iko mtaa gani?"