Kabati Kuukuu la Biryogo

Mji wa Kigali, ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, umetandaa juu ya vilima. Apandaye kutoka katikati ya mji kwenda Nyamirambo hupitia Biryogo, mtaa ambao wakati wa ukoloni walitengewa Waislamu na Waswahili, na sehemu yake moja ikaitwa Camp Swahili. Lugha hii ilisikika katika vichochoro vile miaka mingi kabla haijafanywa lugha rasmi ya nchi mwaka 2017. Nyumba nyingi humo ni za kupanga, na jikoni hukutwa kabati la mbao lililokwisha kuhudumia familia nne au tano.

Kabati la namna hiyo alilikuta mke wa askari mmoja, aliyehamia huko na watoto watatu mwishoni mwa Juni. Majira hayo, ambayo Wanyarwanda huyaita impeshyi, ndiyo yaifaayo kazi hii. Mvua za Machi hadi Mei zimekatika, na mbao iliyooshwa hukauka upesi.

Alianza kwa kubandua karatasi zilizotandikwa rafuni moja juu ya nyingine, kila mpangaji akiwa ameongeza yake bila ya kuondoa ya mwenzake. Chini ya karatasi ya tatu alikuta chembechembe za rangi ya waridi. Ilikuwa sumu ya panya, tena mahali pale pale alipokusudia kuweka unga wa watoto. Ni wangapi hutandika karatasi mpya juu ya kuukuu kwa kuwa kabati laonekana safi? Mama huyo aliwatoa watoto jikoni, akafunga mdomo na pua kwa kitambaa, akavaa glavu, akaizoa sumu kwa karatasi yenye majimaji. Hakuifagia, asije akatimua vumbi lake.

Tabaka la mwisho lilikuwa ukurasa wa gazeti la Imvaho, wa kabla ya mwaka 1994. Mzee mwenye nyumba, aliyesimama mlangoni kulichunga kabati lake, aliuomba. Akausoma kidogo, akaukunja, akautia mfukoni. Hakusema neno, wala mama hakumwuliza.

Rafu zilisuguliwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, na kitambaa kilikamuliwa sana, maana mbao zilizogandishwa kwa gundi huvimba zikilowa. Penye mafuta yaliyoganda alitumia magadi. Penye kuvu, siki. Siki isichanganywe kamwe na dawa ya klorini ya kupaushia nguo, kwa sababu hutoa hewa yenye sumu. Kisha milango iliachwa wazi siku mbili.

Ikabaki kazi ya kutandika. Nailoni ingekuwa rahisi, lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mwaka 2019 ikaongeza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja. Bidhaa nyingi za dukani hutiwa katika mifuko ya karatasi ya kaki. Mama aliipasua mifuko hiyo, akainyoosha kwa pasi, akaikata kwa kipimo cha gazeti, akiacha vidole viwili vya kukunja ukingoni. Gazeti lenyewe hakulitandika, kwani wino wake huambukiza chakula. Wala hakubandika kwa uji wa unga kama wafanyavyo wengi. Uji huo ni karamu ya wadudu.

Wanyarwanda wa kale hawakuhitaji somo hili. Vyombo vyao vya maziwa, vya mti, viliwekwa juu ya uruhimbi, jukwaa lililotengwa ndani ya nyumba kwa ajili hiyo tu. Atembeleaye makumbusho ya jumba la mfalme huko Nyanza, kusini mwa nchi, ataona jinsi maziwa yalivyotunzwa kwa heshima.

"Mama, misumari sitaki," alisema mzee siku ya tatu.

"Sikupigilia hata mmoja, mzee. Lakini bawaba hii imevunjika, nayo ni mali ya nyumba."

Mzee aliigeuzageuza ile bawaba mkononi, akaondoka nayo. Jioni alirudi na mpya, na bisibisi yake mwenyewe.