Mto Malakisi na Masomo ya Watoto

Mto Malakisi hutoka Mlima Elgon, huvuka mpaka na kuingia Uganda, na maji yake hufika Ziwa Kyoga, kisha hushika njia ya Nile mpaka Misri. Basi mtoto wa hapa achotaye maji kwa kibuyu amekwisha kugusa maji yangojwayo na mataifa mengine.

Somo hili halifai kuishia ubaoni. Watoto wapewe jembe na debe la maji, wachimbe mfereji uwanjani. Hawa wawe Kenya, hawa Uganda, wengine Sudan Kusini, Sudan na Misri. Waamkiane kwanza: "Mulembe" kwa Kibukusu, "Yoga" kwa Kiteso, "Salaam aleikum" kwa Kiarabu. Vicheko havitakosa, wala si vibaya. Kisha walio juu wauzibe mfereji kwa udongo. Walio chini watapiga kelele mara moja, na hapo ndipo kazi ianzapo: wachague wajumbe, na mmoja asemapo wengine wanyamaze. Hata wakubwa walihitaji hayo. Mwaka 1999 nchi za bonde la Nile ziliunda ushirika wa kushauriana, wenye ofisi Entebbe, na mabishano yao hayajakwisha.

Mwalimu asiwaamulie upesi. Kengele ikilia kabla hawajapatana, mfereji na ungoje kesho.