Mchanga wa Majivu na Mchanga wa Mkula



Mtu atokaye Ifakara kwenda Mikumi, akiisha kupita Kiberege, Kisawasawa na Mang'ula, huiona milima ya Udzungwa ikimsogelea mkono wa kushoto hata ikawa kama ukuta. Mkono wa kulia ni bonde la Kilombero, tambarare tupu, mpunga na miwa mpaka macho yachoke. Kati ya ukuta huo na tambarare ndipo ulipo Mkula, kijiji kirefu chembamba kilichojinyosha kando ya barabara kabla hujafika Sanje. Mvua huko si haba. Mawingu yatokayo upande wa bahari hugonga milima na kumwaga maji yake. Vijito hushuka hata wakati wa kiangazi, na watu wameyaelekeza maji hayo kwa mifereji mpaka majarubani.

Mwezi wa Septemba tuliitwa huko na wadogo zetu kwa shauri la ukoo. Majaruba aliyotuachia baba yamekwisha kugawanywa mara mbili, na watoto wamekuwa watu wazima wenye watoto wao. Limebaki pande moja tu la ardhi lisilolimwa, chini ya mteremko, nje ya mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992. Pande hilo lina miti mirefu, minene, yenye kivuli cha kumtia mtu baridi saa sita ya mchana. Wadogo zetu walitaka kulifyeka. Hoja yao ilikuwa fupi, na kusema kweli ni hoja ambayo hata wenye elimu wamewahi kuishika: ardhi iwezayo kulea miti mikubwa namna hii, itashindwaje kulea mahindi?

Alikuwapo katika baraza hilo mpwa wetu, mtoto wa dada, aliyesomea mambo ya misitu Morogoro, kisha akapelekwa miaka miwili katika nchi ya Ufini, kaskazini mwa Ulaya. Kijana huyu ana adabu. Hakusema neno mpaka wazee walipomaliza. Ndipo akasema, "Mjomba, kama mtaniruhusu, nina kitu cha kuwaonyesha." Akaingia ndani, akatoka na chupa ndefu ya kioo iliyojaa udongo. Tulidhani ni dawa.

Chupa ile ilikuwa na tabaka nne, moja juu ya nyingine, kama alivyozikuta alipochimba shimo katika msitu wa huko. Juu kabisa palikuwa na takataka nyeusi za majani membamba kama sindano, majani ya misonobari, yaliyooza nusu tu. Chini yake, mchanga mweupe wa kijivu, mfano wa majivu ya jikoni yaliyopoa. Chini yake tena, ghafula, tabaka la rangi ya kutu, jekundu lenye weusi kidogo, gumu kuliko yote. Mwisho kabisa, mchanga wa manjano usio na habari. Mdogo wetu mmoja aliuliza kama watu wa huko walikuwa wamechoma moto, majivu yakafukiwa. Mpwa akacheka, akasema kwamba wakulima wa Urusi walidhani vivyo hivyo. Wao, plau ilipofunua ule weupe, waliuita podzoli, yaani kwa lugha yao "majivu chini". Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wao mmoja, Vasily Dokuchaev, alilichukua jina hilo la wakulima akalitia katika vitabu, na hata leo wataalamu wa dunia nzima wanalitumia. Jambo hili lilitupendeza.

Basi si majivu. Habari yenyewe ni hii. Zamani nchi ya Ufini yote ilifunikwa na barafu, na katikati ya eneo lile la kaskazini unene wake ulipita kilometa 2. Barafu ile haikutulia; ilisogea polepole, ikisaga mawe na kuyakwangua mpaka mwamba ukabaki uchi. Ilipoyeyuka, miaka kama 10,000 iliyopita, iliacha kokoto na mchanga wa mawe magumu yasiyo na chokaa. Juu ya mchanga huo ikaota misonobari na vichaka vifupi. Majani yao ni makavu na yana uchachu. Na kwa kuwa baridi ni kali, wadudu ni wachache na nyungunyungu hawakai humo, hayaozi upesi. Hulundikana mwaka baada ya mwaka. Mvua na maji ya theluji yakipita katika lundo lile huwa machachu, kama maji yapitayo katika chai yanavyokuwa chai. Kisha hupenya mchangani, na mchanga hauna nguvu ya kuzuia kitu. Maji hayo hubeba chuma na alumini na weusi wa majani, huvishusha, na huviacha chini kidogo. Hiyo ndiyo tabaka ya kutu. Kilichobaki juu ni chembe tupu za mchanga zilizooshwa rangi yake yote.

Wataalamu hupima uchachu kwa namba: 7 ni katikati, na kila namba ukishuka, uchachu huzidi mara kumi. Udongo wa juu wa misitu ile mara nyingi huwa karibu na 4, yaani uchachu wa nyanya. Mahindi hayawezi kustawi humo.

Tusifikiri kwamba barafu ni habari ya Ulaya peke yake. Kilimanjaro inayo hata leo kileleni, ingawa inapungua. Na milima ya Ruwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, ilikuwa na mito ya barafu iliyoshuka mbali sana chini ya ilipo sasa. Lipo ziwa dogo huko liitwalo Mahoma, lililozuiwa na vifusi vilivyoachwa na barafu, karibu meta 3,000 juu ya bahari, na mwaka 1962 mtaalamu aitwaye Daniel Livingstone, si yule daktari msafiri tuliyesoma habari zake shuleni, alipima umri wa tope lake akaona barafu ilikwisha kuondoka hapo miaka zaidi ya 14,000 iliyopita. Lakini milima yetu ya Udzungwa haikupata kuvaa barafu hiyo. Kwa hiyo tulimwuliza mpwa, "Hiyo chupa yatuhusu nini sisi wa Mkula?" Akajibu, "Twendeni na jembe."

Tulianzia chini, majarubani. Hapo udongo ni mzito, wa kijivu na weusi, washika jembe na kiatu pamoja; ni udongo ulioletwa na mafuriko, nao ni mpya karibu kila mwaka. Tukapanda kidogo kuvuka barabara. Udongo ukageuka mwepesi, mchanga wenye wekundu, wa kupitisha maji mara moja. Watu huweka hapo mihogo na migomba. Tukapanda tena mpaka katika lile pande la miti, tukachimba shimo la kina cha mkono. Majani makavu hayakufika unene wa kidole. Chini yake weusi wa shubiri moja hivi, umejaa vijizizi vyembamba kama nywele, vimeshikana kama mkeka. Na chini ya mkeka huo, mchanga mwekundu mtupu, sawasawa mpaka chini, wala hakuna mizizi ya kutosha kuitaja. Mpwa akatia udongo katika maji, akachovya karatasi yake ya kupimia. Ilionyesha uchachu, ingawa si mkali kama ule wa chupani.

Hapo ndipo tulipoanza kufahamu. Kule kaskazini baridi huhifadhi majani yakawa lundo. Huku kwetu joto na mchwa huyamaliza kwa miezi michache. Kule maji machachu huosha chuma na kuacha mchanga mweupe. Huku joto na mvua za miaka isiyohesabika zimeyayusha mawe yenyewe, zikachukua chumvi zote zenye kulisha mmea, zikaacha chuma na chembe ngumu. Na chuma kikipata hewa hufanya kutu, ndiyo maana ni wekundu. Udongo wa Ufini ni mtoto aliyezaliwa mgonjwa, na wetu wa mlimani ni mzee aliyekwisha kutoa vyote. Rangi zao hazifanani hata kidogo, lakini ukiwauliza wana nini ghalani, watajibu neno moja.

Je, miti inakula nini? Yajila yenyewe. Jani likianguka, mchwa na uyoga hulivunja, na ule mkeka wa vijizizi hudaka chakula kabla mvua haijakishusha. Kinapanda tena kuwa jani. Mali yote ya msitu ule iko juu ya mchanga, wala haimo ndani yake. Ukiukata na kuuchoma, mali yote hushuka kwa siku moja kuwa majivu, na majivu hupunguza uchachu, ndipo mahindi ya mwaka wa kwanza yanapokuwa marefu hata mtu akaimba. Wafini wa kale walifanya hivyo hivyo: walikata misitu, wakachoma, wakapanda nafaka yao iitwayo rai katika majivu, wakavuna mwaka mmoja au michache, kisha wakahama kwenda kukata mahali pengine. Leo nchi ile iliyopandwa hivyo imerudishiwa miti kwa sehemu kubwa, na mahali wanapolima mchanga huo hawana budi kuutia chokaa.

Mambo haya yamekwisha kuonekana katika nchi yetu pia. Miaka ya 1890 Wajerumani waliukuta msitu wa Usambara Mashariki, wakastaajabia unene wake, wakaukata, wakapanda kahawa. Hoja yao ilikuwa ile ile ya wadogo zetu. Mibuni ilianza vizuri, kisha ikadhoofika, na mashamba mengi yakaachwa. Huko huko, katika kituo cha utafiti cha Amani kilichoanzishwa na Wajerumani hao mwaka 1902, alikuja kufanya kazi Mwingereza Geoffrey Milne, aliyeeleza baadaye kwamba chini ya msitu ule udongo ulikuwa mchachu na uliooshwa, wala utajiri haukuwamo. Mtu huyu alitembea sana nchini Tanganyika akichimba mashimo. Aliona kwamba udongo hubadilika kwa utaratibu ule ule kila ushukapo kutoka kilimani hata bondeni, na mwaka 1935 akauita utaratibu huo katena, neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo. Neno hilo lilienea duniani kote. Ila Wasukuma walikwisha kuwa na majina ya pete za mnyororo huo: luseni kwa mchanga, itogolo chini yake, na mbuga kwa udongo mweusi wa bondeni. Na sisi, tangu majarubani mpaka shimoni, tulikuwa tumeutembea mnyororo wa Mkula kwa miguu yetu bila kujua jina lake.

Tulipokuwa tumekaa juu ya mzizi tukipumzika, likatujia jambo ambalo tulikuwa tumelisahau, au tuseme hatukupenda kulikumbuka. Tulipokuwa wadogo, baba alifyeka kipande kando ya pande hili hili. Mwaka wa kwanza mama alikosa pa kuweka mahindi. Tulilala pamoja nayo chumbani. Mwaka wa pili yalipungua. Mwaka wa tatu mabua yalitoka ya manjano, na mvua za masika zilifungua mfereji katikati ya shamba, mchanga ukashuka mpaka barabarani. Baba alisema ni jicho la jirani. Alikwenda kwa jirani yule akamtamkia maneno mazito, na nyumba hizo mbili hazikusalimiana mpaka jirani alipokufa. Tuliwasimulia wadogo zetu, ambao wakati ule hawakuwa wamezaliwa. Palikuwa kimya. Kipande kile kipo hata sasa. Kimeota nyasi ngumu na vichaka, na ukikanyaga mchanga wake unasikika.

Jioni shauri liliendelea, na halikwisha kwa urahisi. Chupa na shimo havishibishi mtoto. Mdogo wetu mwenye watoto saba alisema hivyo, naye alisema haki. Mpwa hakumpinga. Alisema kwamba chini, karibu na barabara, panaweza kupandwa migomba na kokoa chini ya kivuli cha miti ile ile, kwa kuwa kokoa hupenda kivuli na miti itaendelea kuangusha majani yake. Na kwamba takataka za mpunga zinazochomwa kila mwaka majarubani zingefaa kupandishwa huku pamoja na samadi. Wawili wakakubali kujaribu nusu eka. Yule wa tatu akasema yeye atafyeka fungu lake, maana ni lake, na kokoa haipikwi ugali.

Akalifyeka mwezi wa Oktoba. Tulipopita tena Mkula mwezi wa Aprili, mahindi yake yalikuwa yamempita urefu, meusi kwa afya, na miche ya kokoa ya ndugu zake ilikuwa haijafika goti. Alitushika mkono akatuzungusha shamba zima. Kisha akamgeukia mpwa wetu, akamwuliza mbele ya watu wote kama ile chupa yake ina neno la kusema.

"Hongera sana, mjomba," akajibu kijana. "Huu ni mwaka wa kwanza."