Sauti Kwanza, Jina Baadaye



Leo nataka kuongea na wewe mzazi, na wewe nyanya unayelea wajukuu, na wewe mwalimu wa shule ya Jumapili. Somo letu ni dogo, ni la herufi moja tu. Lakini usilidharau.

Mwambie mtoto wa PP1 akuimbie A-B-C. Ataimba mpaka mwisho na wageni watapiga makofi. Lakini msikilize akifika katikati: L, M, N, O, P atazitamka kwa pumzi moja, kama neno moja refu. Sasa chukua pakiti ya unga jikoni, weka kidole kwenye M, umuulize, "Hii inasema nini?" Wengi hunyamaza. Wimbo wanaujua. Herufi bado hawajakutana nayo.

Nimekaa na watoto wa kanisa miaka mingi, na hapa ndipo nimeona machozi mengi. Mzazi anasema, "Lakini jana alisema zote!" Sauti inapanda, kiboko kinatafutwa, na mtoto anaanza kuamini kwamba yeye ni mjinga. Mpendwa, huyo mtoto hajasahau. Alikariri, na kukariri si kutambua.

Fungua 1 Samweli 3. Samweli alilala hekaluni, alihudumu mbele za Bwana kila siku. Usiku ule akaitwa, na masikio yake yakasikia vizuri kabisa. Lakini alikimbilia kwa Eli. Mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Alisikia sauti na hakujua ni ya nani. Sasa tazama mambo mawili. Eli hakumchapa kwa kumwamsha. Alimweleza afanye nini akisikia tena. Na Mungu hakuchoka. Aliita mara ya nne kwa upole uleule.

Basi, kama Mungu alimwita mtoto mara nne, wewe umechoka mara ya pili kwa nini?

Sasa tuingie kwa kazi yenyewe. Kila herufi ina jina na ina sauti, na mtoto husoma kwa sauti. Kwa Kiingereza M inaitwa "em", lakini katika neno mama hakuna "em" popote. Kuna midomo iliyofungwa: mmm, kama mtu aliyeonja uji mtamu. Anza hapo. Mwambie afunge midomo, aweke vidole shingoni, asikie inavyonguruma. Usimfundishe "mu" wala "ma" kwanza. Mpe mmm peke yake.

Kisha mwonyeshe umbo lake. Aichore kwa kidole kwenye mchanga, aipange kwa maharagwe au vifuniko vya soda. Aitafute kwenye pakiti ya unga, kwenye ubao wa duka, kwenye jina lake kama imo. Siku inayofuata, mletee a. Mmm, a: ma. Tena, ma. Hapo mtoto anasoma mama, na utaona macho yake! Amegundua kwamba alama kwenye karatasi zinasema kitu anachokijua na kukipenda.

Herufi moja kwa wakati, dakika 10 kwa siku, kisha mwache aende kucheza. Akichanganya b na d, usiogope. Watoto wengi huanza hivyo. Kikombe ni kikombe hata mkono wake ukielekea upande mwingine, lakini b ikigeuzwa inakuwa d. Kwa mtoto hilo ni jambo geni. Mpe muda.

Ujue pia kwamba mtoto wa Kenya anabeba mzigo wa lugha mbili au tatu. Kwa Kiswahili a, e, i, o, u zina sauti zilezile kila mahali. Kwa Kiingereza, e inaitwa "ii", na i inaitwa "ai". Kwa hiyo ukimwambia aandike "ii" naye akaandika i, usimwekee alama ya kosa kwa hasira. Masikio yake yamefanya kazi vizuri. Mwambie tu, "Hapa tunasoma Kiswahili, pale tunasoma Kiingereza."

Na kuna jambo linalonichoma moyo. Katika Waamuzi 12, Wagileadi walisimama kwenye vivuko vya Yordani wakiwapima watu kwa neno moja, Shibolethi. Aliyeshindwa kutamka sh akasema s, aliuawa. Walianguka watu 42,000. Mpendwa, sisi hatuui mtu, lakini tunacheka. Dholuo haina sauti ya sh, kwa hiyo mtoto anasema "samba". Gikuyu haina l, kwa hiyo mwingine anasema "rara". Darasa zima linacheka, na mwalimu naye anatabasamu. Kuanzia siku hiyo mtoto hafungui mdomo. Kanisani kwetu pasiwe na kivuko cha Shibolethi! Tamka wewe polepole, akuangalie mdomo, ajaribu tena bila aibu.

Kuna mama mmoja aliyekuwa akija darasani na mwanawe, anakaa nyuma, anasema anamchunga mtoto. Baada ya wiki kadhaa niliona kwamba na yeye anachora herufi kwenye vumbi kwa kidole. Hakuna aliyemuuliza kitu. Leo anasoma Zaburi, polepole, kidole kikitembea chini ya kila neno. Hakuna anayemsomea tena. Ndiyo maana nasema herufi moja si jambo dogo.

Kumbukumbu la Torati 6 inawaagiza wazazi wafundishe wakiwa wameketi nyumbani na wakitembea njiani, na waandike maneno ya Mungu kwenye miimo ya milango. Hilo hatukumwachia mwalimu peke yake. Mungu aliliweka mlangoni kwako.

Na wewe mtu mzima, jiulize. Unajua "Amina" na "Haleluya", unajua nyimbo zote. Je, Bwana akikuita usiku, unaitambua sauti yake? Au bado unakariri?

Leo jioni chukua mtoto mmoja, wako au wa jirani. Herufi moja, sauti moja, bila kiboko.

Tuombe: Baba, tupe uvumilivu uliokuwa nao kwa Samweli. Ponya mtoto aliyeitwa mjinga. Fungua masikio yake na yetu, tuijue sauti yako. Katika jina la Yesu, Amina.