BARIDI YA UFIPA NA CHUMBA CHA BIBI

Najua nimepotea, na kuna walioanza kusambaza kwamba nimedisco. Hapana jamani, bado nipo Mlimani, nadunda. Nilikuwa nyumbani Mwazye kwa likizo, na leo nawaletea habari ya joto. Sio hili la Dar tunalogombania feni, nazungumzia joto la kutafuta kwa tochi.

Maana kila nikisema kwetu mwezi wa saba watu wanalala na blanketi mbili na sweta juu, rumeti wangu wa Tanga ananiuliza, "Eti hiyo ni Tanzania gani?" Ni Tanzania hii hii kaka. Mwazye ipo wilaya ya Kalambo, mkoa wa Rukwa, kwenye uwanda wa Ufipa. Sehemu kubwa ya uwanda huo ipo juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Kiangazi mawingu hakuna, kwa hiyo jua likizama joto lote la mchana linaondoka juu kwa juu, na upepo unapita kwenye nyasi bila kuzuiwa na kitu. Watu wa Makete na Njombe mnanielewa.

Sasa nyumba yetu. Marehemu babu aliijenga mwaka 1976, baada ya Operesheni Vijiji, kwa tofali mbichi nene. Mwanzo iliezekwa nyasi, baadaye watoto wakapata vihela wakaweka bati. Kila mtu akafurahi, kuvuja kukaisha. Ila nyasi zilikuwa zinashika joto kama blanketi, bati usiku linakuwa baridi kuliko hata hewa ya nje. Jiko lipo upande wa mashariki, limeungana na nyumba. Linafuata stoo ya mahindi, halafu sebule, na mwisho kabisa upande wa upepo ndio chumba cha bibi.

Nilienda na kipimajoto cha kuazima. Saa tatu usiku jikoni kilisoma nyuzi 24, sebuleni 17, chumbani kwa bibi 11. Nyumba moja, paa moja! Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018 linasema ndani ya nyumba isishuke chini ya nyuzi 18, hasa kwa wazee. Bibi anakaribia miaka themanini na kifua chake ndio hivyo tena.

Na hapa ndipo moyo uliponidunda. Dawa yake ya baridi ilikuwa kubeba jiko la mkaa, kuliweka karibu na kitanda na kufunga mlango na dirisha. Wadau, mkaa unaowaka taratibu kwenye hewa haba unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haikoozeshi kama moshi. Inanasa kwenye damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni usingizi, analala moja kwa moja. Bibi mwenyewe alikuwa analalamika asubuhi kichwa kinamgonga, akitoka nje kinapoa. Nilipolisikia hilo, usingizi wangu ukaisha.

Kumwambia tu "bibi usiingize jiko" haitoshi, maana baridi nayo inaua. Ilibidi joto lipatikane kwa njia nyingine.

Nina binamu anasoma Ujerumani, anakaa nyumba ya zamani. Kule kila chumba kina chuma ukutani kama rejeta ya gari, maji ya moto yanazunguka ndani yake kutoka kwenye tanuri moja. Naye tatizo lake ni hilo hilo: chumba cha karibu na tanuri kinachemka, cha mwisho barafu. Akaniambia fundi wao hakuongeza moto. Alitoa hewa iliyonasa kwenye rejeta za juu, kisha akabana valvu za vyumba vya karibu ili maji yafike mbali. Nikasema kumbe! Swali la kwanza sio moto mkubwa kiasi gani, ni joto linapotelea wapi na linakwama wapi.

Basi bwana, mimi na baba mdogo tukaanza kazi. Tulichukua kipande cha uzi, tukakipitisha kwenye kona zote za chumba cha bibi. Kikicheza, hapo pana upepo. Kilicheza zaidi juu, pale ukuta unapokutana na bati, pengo la kupitisha ngumi. Hewa ya moto inapanda, kwa hiyo kila kajoto kalikokuwemo kalitokea pale, na ya baridi ikaingilia chini ya mlango. Wazee wetu Wafipa walilijua hili zamani. Yale malungu, matanuri marefu ya kuyeyushia chuma ambayo mengine bado yamesimama huku, yalijengwa marefu makusudi. Hewa moto ilipanda juu, ikavuta mpya kwa matundu ya chini, moto ukakolea bila mtu kuvukuta. Chumba cha bibi kilikuwa lungu lisilo na moto!

Tukaziba pengo kwa udongo uliochanganywa na majani makavu. Tukapiga dari ya fito na viroba vya sembe vilivyofuliwa na kushonwa. Chini ya mlango tukaweka gunia lililoviringishwa. Mapengo ya jikoni hatukuyagusa. Penye moto lazima moshi upate pa kutokea.

Siku mbili za kazi, tukapima tena: nyuzi 14. Afadhali, ila bado. Dawa yenyewe ilikuwa ile stoo. Ukuta wake ndio unaopakana na mafiga, tofali nene, ukiweka kiganja saa nne usiku bado ni vuguvugu. Mahindi yalikuwa yanaota moto kuliko bibi!

Nikamwambia bibi tubadilishane, mahindi yahamie kwake, yeye aje stoo. Akanyamaza muda mrefu. Kitanda kile aliwekewa na babu, na babu alifia humo humo. Baba mdogo akataka kulazimisha, nikamkonyeza aache. Baadaye akaniita.

"Mume wangu, unataka kunihamisha kwa mwenzio?"

"Hapana bibi, nataka tuhame na kitanda chake na kila kitu."

"Na dirisha? Mimi nimezoea kuona mwembe."

Stoo haikuwa na dirisha. Kesho yake tukatoboa, dogo, upande usio na upepo. Mwembe unaonekana nusu. Dari na kuziba tukarudia huko, tukiacha tundu dogo la hewa.

Usiku wa kwanza kipimajoto kilisoma 19 saa tatu, na alfajiri 16. Hatujaifikia 18 usiku kucha, lakini jiko la mkaa lilibaki jikoni. Kitandani anaweka chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye kanga. Wiki ya pili nikamuuliza kichwa, akasema, "Kichwa gani?"

Wenye bibi na babu nyanda za juu, pigeni simu leo muulize wanalalaje na jiko linalala wapi. Sisi tumepanga boom likitoka nichangie mbao, baba mdogo apige dari ya sebule kabla ya Juni. Bibi ameshasema akianza na sebule, aanzie upande wa kiti chake.

Haya, naingia chimbo, UE zinanukia. Tuwasiliane.