Intaneti Inaponyamaza Nyumbani



Wengi wetu tunaoishi hapa Uingereza tuna jamaa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na Maskati, nasi huonana nao siku hizi kwa njia ya kompyuta. Habari za arusi, za mgonjwa na hata za msiba hutufikia kwa njia hiyo. Kwa hiyo intaneti inaponyamaza, mzee aliyebaki peke yake mchana, vijana wakiwa kazini na wajukuu shuleni, hutengwa na watu wake mpaka jioni. Tunamjua bibi mmoja aliyekaa siku 3 bila ya kumwona dada yake mgonjwa, na sababu ilikuwa kitufe kimoja tu. Ndipo tulipoonelea kuyaandika haya, kwani dawa ya maradhi haya aghalabu imo mkononi mwa mzee mwenyewe.

Katika miaka yetu ya ualimu tulizoea kumwambia mwanafunzi aliyekosea hesabu asifute ukurasa mzima, bali autafute mstari uliopotoka. Hapa pia ni hivyo. Mwenye kubonyeza kila kitu kwa pamoja, hata akifanikiwa, hajui kilichoponya. Badilisha jambo moja, tazama matokeo, kisha uende kwenye la pili.

Swali la kwanza ni hili: ukiizima data ya simu yako ya mkononi na kuiacha na waifai ya nyumbani peke yake, je, inapata intaneti? Ikiwa simu inapata na laptopu haipati, ugonjwa umo ndani ya laptopu. Ikiwa zote mbili hazipati, basi laptopu haina kosa. Itazame ruta, yaani kile kisanduku chenye taa kilicholetwa na kampuni ya intaneti.

Kwa laptopu, anza na mambo madogo. Tazama kama alama ya ndege imewashwa, kwani hiyo huikata waifai. Baadhi ya laptopu zina kitufe maalumu cha kuizima na kuiwasha waifai, na kidole huweza kukigusa bila ya mtu kujua. Hicho ndicho kilichomsibu yule bibi. Kisha zima laptopu kabisa na uiwashe upya. Isipofaa, iamuru iusahau mtandao wa nyumbani, uuchague tena na kuliandika upya neno la siri, ukikumbuka kwamba herufi kubwa na ndogo si mamoja.

Kwa ruta, chomoa waya wake wa umeme, subiri nusu dakika, uurudishe, na uiache dakika chache mpaka taa zitulie. Kile kitundu kidogo kinachobonyezwa kwa sindano usikiguse, kwani hufuta mipangilio yote. Ikiwa hata laptopu iliyoungwa na ruta kwa waya haipati kitu, na simu vilevile, hapo ndipo pa kuipigia kampuni.

Pengine intaneti ipo, lakini hukatika katika chumba kimoja. Hapo tazama nyumba yenyewe. Nyumba nyingi za zamani za hapa zina kuta nene za matofali, na mawimbi hudhoofishwa pia na vyuma, vioo vikubwa na hata tangi la samaki. Ruta nyingi hutumia masafa ya gigahazi 2.4 na 5. Ya kwanza hufika mbali zaidi na hupenya kuta vizuri zaidi. Ya pili ina kasi kubwa lakini huchoka upesi. Maikrowevu nayo hufanya kazi karibu na 2.4, ndiyo maana sura ya jamaa huweza kuganda wakati chakula kinapashwa moto. Basi usiifiche ruta kabatini au nyuma ya televisheni kwa kuwa haipendezi machoni. Iweke mahali pa wazi, juu ya rafu, karibu na katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Jaribu hayo kabla ya kulipia kasi zaidi.

Tahadhari moja ni kubwa kuliko zote. Mtu akikupigia simu bila ya wewe kumwita, akadai kuwa intaneti yako ina kasoro na kutaka aingie ndani ya kompyuta yako, kata simu. Wezi wa namna hiyo huwalenga wazee hasa.

Na kwenu vijana wetu, tuna ombi. Babu au bibi anapokuombeni msaada, msimpokonye laptopu mkamrudishia baada ya dakika moja. Kaeni kando yake, mwacheni abonyeze mwenyewe, kisha mumwandikie hatua hizi kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, karatasi ibandikwe karibu na ruta. Kesho mtakuwa kazini, na huenda simu ya Unguja ikaingia saa nne asubuhi.